Ipi Nyepesi Kuliko Zote? Vinara wa Kufungua Picha kwenye Kompyuta

Mzee alikuja asubuhi, jua halijawa kali, flashi yake ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Alitaka picha nne za pasipoti saizi. Mpwa wangu, mwenye stesheneri, akamwamkia, akachomeka flashi, akabonyeza picha mara mbili, na sote watatu tukabaki tunatazama duara la kusubiri likizunguka katikati ya skrini nyeupe. Likazunguka. Mzee akavuta kiti. Kompyuta ile ni ya mezani, ya mtumba, RAM yake gigabaiti 4, na programu ya picha iliyokuja nayo ilikuwa inajiandaa kwa mambo ambayo hakuna aliyeiomba: kupanga picha kwa tarehe, kutafuta nyuso, kuulizia akaunti. Picha ilipotokea hatimaye, mzee alikuwa amelala ubavu.

"Mwanangu," akasema, "mbona umenilaza kama maiti?"

Kuanzia siku ile nikawa najaribu programu za kutazama picha moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ile ile, naandika daftarini ipi imeongoza kwa lipi. Haya ndiyo yaliyomo daftarini. Si mashindano rasmi; refa ni mimi, na nina upendeleo wangu.

Kabla ya kugawa vikombe

Wengi hupima wepesi wa programu kwa ukubwa wa faili la kusakinishia. Ni kipimo, ila hudanganya, kwa sababu mzigo mkubwa ni picha yenyewe. Faili la JPEG ni godoro lililobanwa na kufungwa kamba: barabarani linabebeka hata kwa bodaboda, ukilifungua nyumbani linajaza chumba. Picha ya simu yenye pikseli 4032 kwa 3024 hukaa kwenye diski kwa megabaiti chache tu. Ikishafunguliwa, kila pikseli hudai kama baiti nne za RAM, na pikseli zenyewe ni zaidi ya milioni 12. Zidisha: karibu megabaiti 49. Fungua picha kumi kwa mpigo na nusu gigabaiti imekwenda, na programu yenyewe bado haijahesabiwa nafasi yake.

Sasa itazame skrini ya mpwa wangu. Ni ya pikseli 1366 kwa 768, jumla milioni moja na kidogo. Prosesa inateswa kuandaa pikseli milioni 12 ili jicho lione milioni moja. Programu yenye akili hailipi gharama hiyo yote. JPEG, ambayo kanuni zake zilipitishwa mwaka 1992, huikata picha katika vigae vya pikseli 8 kwa 8, na namba ya kwanza ya kila kigae ndiyo hubeba wastani wa kigae kizima. Anayetaka vijipicha vya kupitia haraka anaweza kutumia namba hizo za kwanza tu akakwepa hesabu za zilizobaki: picha ya 4032 kwa 3024 inakuwa 504 kwa 378, na RAM inayohitajika inashuka mara 64. Anayetaka kujaza skrini anaweza kufungua nusu ya kipimo kila upande, yaani robo ya pikseli, na bado skrini ya mpwa wangu ikajaa na kubaki. Uwezo huo umo ndani ya libjpeg, maktaba ya bure ya kundi liitwalo Independent JPEG Group, ambayo programu nyingi huitegemea. Tofauti ni nani anautumia na nani hana habari nao.

Kwa hiyo nilichokuwa nakipima hasa ni kazi ambazo programu inakataa kuzifanya. Haikagui folda nzima kabla ya kukuonyesha picha moja. Haijengi orodha ya picha zako zote. Haikumbuki sura ya shangazi yako. Inafungua, inaonyesha, inasubiri kidole chako.

Kongwe inayoheshimika

Kikombe hiki nimempa marehemu, ingawa wapo wanaosema hajafa. Inaitwa xv, iliandikwa na John Bradley alipokuwa University of Pennsylvania huko Marekani, kwa ajili ya kompyuta za Unix zenye mfumo wa madirisha wa X. Toleo lake rasmi la mwisho linalojulikana zaidi, 3.10a, lilitoka mwishoni mwa 1994. Ilikuwa ya kujaribu kwanza ukilipa baadaye, dola 25.

Kinachonivutia ni dirisha lake. Lilikuwa na picha, basi. Hakuna menyu juu, hakuna vitufe chini, hakuna ukingo wa kijivu. Ukitaka vidhibiti, unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, paneli nzima inatokea kwenye dirisha lake la pembeni, ukimaliza unaifukuza. Zaidi ya miaka 30 baadaye, programu za Linux zinazojigamba kwa usasa na wepesi zinarudia mtindo huo huo, na nyingine zinaueleza kama uvumbuzi.

Iliyodumu mikononi mwa mtu mmoja

Hapa sina budi kukaa kidogo. Irfan Škiljan ni mtu wa Jajce, Bosnia, aliyesomea Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vienna, Austria. Mwaka 1996 alitoa programu ya kutazama picha kwenye Windows, akaibatiza jina lake: IrfanView. Anaitunza mpaka leo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa jina hilo. Linatoka kwenye mzizi ule ule wa Kiarabu uliotuletea maarifa, taarifa, maarufu na kuarifu. Mitaani kwetu wapo akina Irfan, na Arafa ni dada zao.

Kwenye tovuti yake anajitangazia rekodi moja waziwazi: kwamba IrfanView ndiyo programu ya kwanza duniani ya kutazama picha kwenye Windows iliyoweza kuonyesha GIF zenye picha nyingi ndani, yaani zile zinazocheza. Sijaona aliyejitokeza kumpinga.

Sura yake haijali urembo. Vitufe vidogo vya rangi kali kama vya miaka ya tisini, na nembo ya paka mwekundu aliyetandazwa kama aliyepitiwa na lori. Mpwa wangu alipoiona mara ya kwanza alidhani nimemwekea kirusi. Lakini faili lake la kusakinishia ni la megabaiti chache, picha inatokea papo hapo, na kibodi ndiyo raha yake. Bonyeza R, picha inageukia kulia. L, inageukia kushoto. I inakuambia kila kitu kuhusu faili: vipimo, ukubwa, siku ilipopigwa. Enter inajaza skrini. Esc inafunga programu, hakuna maswali ya "una uhakika?".

Halafu kuna B. Msimu wa mahafali, mtu huleta picha mia mbili kutoka kwenye kamera, zote zina majina ya namba, zote kubwa mno kutumwa, na anataka zipunguzwe na kupewa jina la shule kabla ya saa sita. Ukibonyeza B linafunguka dirisha la kazi za mafungu. Unachagua picha zote, unaweka kipimo kipya, unaandika mtindo wa majina, unaiachia. Mpwa wangu alikuwa akifanya kazi ile picha moja moja kwa miaka miwili. Sikumwambia ameipoteza miaka miwili, alijihesabia mwenyewe.

Kasoro zake? Fomati nyingi zinahitaji kifurushi cha nyongeza kinachopakuliwa peke yake, na watu hukisahau kisha wanailaumu programu. Pia lipo toleo la biti 32 na toleo la biti 64. La biti 32 linatosha kwa picha za simu, lakini haliwezi kushika picha kubwa kupita kiasi hata kama RAM ipo. Kwenye Windows ya biti 64 chukua la 64, ubishi umekwisha. Na kuna suala la leseni, ambalo nitalirudia, kwa sababu linawagusa wengi wanaosoma makala hii wakiwa wamekaa nyuma ya kaunta.

Inayofahamu fomati nyingi

XnView ya Mfaransa Pierre-Emmanuel Gougelet. Inasoma zaidi ya fomati 500. Mimi nikihesabu kwa vidole ninazozihitaji hazifiki kumi, zilizobaki ni za mashine kama Amiga na Atari ambazo vijana wa stesheneri hawajawahi kuziona. Lakini siku mtu wa makumbusho au ofisi ya ramani akikuletea faili la ajabu la zamani, ndiyo ya kwanza kujaribu. Toleo lake la XnView MP linafanya kazi Windows, Mac na Linux. Nyepesi kiasi, si sana. Ina tabia ya kufungua kabati zima ukiomba shati moja.

Isiyohitaji hata dawati

Linux ina programu za picha nyingi kuliko msikitini kulivyo na ndala siku ya Ijumaa, na nyingi zinagombea cheo cha wepesi. GPicView, iliyozoeleka kwenye dawati la LXDE, na Viewnior ni za kumpa mtu anayehama kutoka Windows. Ataona vitufe anavyovitambua. Ristretto ni ya watu wa Xfce. Hizo ni za kawaida, nzuri, sina la kuongeza.

feh ni kiumbe kingine. Haina upau wa menyu wala kitufe cha "fungua". Unaiita kwa jina kwenye dirisha la amri, ukiipa folda: feh, nafasi, jina la folda. Picha ya kwanza inatokea. n ni inayofuata, p ni iliyopita, q ni kwaheri. Inafanya pia kazi ya pili ambayo imewapa wengi sababu ya kuiweka: kubadilisha picha ya ukuta wa dawati kwa amri ya feh --bg-fill, ikikumbuka chaguo lako kwenye faili dogo la .fehbg. Kompyuta ambayo haina dawati kamili, ina mfumo wa madirisha peke yake, hupambwa na feh.

sxiv ya Bert Münnich ilifuata njia hiyo hiyo, na mwenyewe alipoiacha, wengine wakaiendeleza kwa jina la nsxiv. Ni tamu kwa mtu aliyezoea vitufe vya mhariri wa maandishi Vim. Kwa mtu mwingine ni adhabu.

Lakini kikombe kinakwenda kwa fbi ya Gerd Hoffmann. Zote nilizotaja zinahitaji angalau mfumo wa madirisha uwe unaendeshwa. fbi haihitaji dawati, haihitaji dirisha, haihitaji kipanya. Inachora picha moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, ukiwa kwenye ile skrini nyeusi ya maandishi. Nimeijaribu kwenye kompyuta ambayo mfumo wake wa madirisha ulikuwa umekufa kabisa, nikiwa natafuta picha za hati za shamba kabla ya kufuta diski. Zilitokea moja baada ya nyingine juu ya weusi ule. Kipindi kile ningeilipa chochote.

Kubwa na ndogo zilizoshindikana

Huwezi kuandika habari za rekodi ukaacha picha zenyewe. Januari 2015 darubini ya Hubble ilitoa picha ya galaksi ya Andromeda yenye pikseli 69,536 kwa 22,230. Hizo ni zaidi ya bilioni 1.5. Ukiifungua yote, kwa hesabu ile ile ya baiti nne, inataka RAM ya gigabaiti 6 na ziada, na kompyuta ya mpwa wangu ina nne. Ila kuna jambo la kufurahisha zaidi: picha hiyo kwa ukubwa wake kamili haiwezi hata kuandikwa kama JPEG. Kanuni za JPEG zimetenga biti 16 kwa kila upande wa picha, kwa hiyo upande hauwezi kuzidi pikseli 65,535. Andromeda imepita kwa pikseli elfu nne na moja. WebP ya Google, iliyotoka 2010, ina mlango mwembamba zaidi: 16,383 kila upande.

Upande wa pili wa mizani wapo wadogo. GIF ya pikseli moja isiyo na rangi, ile inayofichwa kwenye barua pepe ili mtumaji ajue umeifungua, kwa kawaida ina baiti 43. Sentensi uliyomaliza kuisoma ni kubwa kuliko picha hiyo.

Yenye kasi kuliko zote dukani

Nina mtihani mmoja, nauita mtihani wa kidole. Weka picha mia moja za simu kwenye folda, fungua ya kwanza, kisha shikilia kitufe cha mshale wa kulia usikiachie. Programu nzito itaganda, itaonyesha ukungu, au itaendelea kuhangaika hata baada ya wewe kuinua kidole. Programu nyepesi itakimbia nawe na kusimama uliposimama.

Siri ni kutangulia. Wakati wewe unaitazama picha ya tano, programu inaifungua ya sita kimyakimya, ikijua utaihitaji. ACDSee ya Kanada ilijipatia jina miaka ya tisini kwa ujanja wa namna hii, enzi ambazo kompyuta ilikuwa inachora JPEG kama mtu anayeshusha pazia, mstari kwa mstari. Leo ACDSee imekua, imenenepa, ni karakana nzima ya wapiga picha. Wapo wanaoitunza ile ya zamani kama urithi. Nitawaambia baadaye kwa nini wasifanye hivyo.

Kwenye kompyuta ya mpwa wangu, aliyeshinda mtihani wa kidole ni JPEGView. Iliandikwa kwa C++ na David Kleiner, ikaachwa, kisha mtu mwingine wa kujitolea akaichukua na kuiendeleza. Inatangulia kufungua picha inayofuata, na inagawa hesabu zake kwa viini vya prosesa badala ya kukibebesha kimoja. Si lazima kuisakinisha, unaifungua kutoka kwenye folda yake, hata ndani ya flashi. Mipangilio yake yote iko kwenye faili la maandishi unalolihariri kwa Notepad.

Inaanza kwa kujaza skrini nzima, na hapo ndipo inapowatisha watu. Mpwa wangu aliifungua, akaona picha imemeza kila kitu, saa imepotea, kitufe cha kufunga hakipo, akanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani. "Esc, mjomba wangu, Esc!" nikampigia kelele. Alipotulia nikamwonyesha: sogeza kipanya hadi chini ya picha, inachomoza paneli ya mwanga na rangi. Kiondoe, inazama. Bwana Bradley wa xv angelitambua wazo hilo.

Kuhusu kulala ubavu

Turudi kwa mzee. Kwa nini alilala?

Kihisi cha kamera ya simu kimelazwa upande mmoja na hakigeuki. Ukiisimamisha simu kupiga mtu, simu huandika pikseli kama kamera ilivyoziona, zikiwa zimelala, kisha inaweka kijikaratasi ndani ya faili: "mwonyeshe huyu amegeuzwa nyuzi 90". Kijikaratasi hicho ni sehemu ya maelezo yaitwayo Exif, na kina thamani nane zinazowezekana, kuanzia 1, maana yake usiguse, hadi 8. Picha nyingi za kusimama za simu huja na namba 6. Programu inayosoma kijikaratasi inamsimamisha mzee. Isiyosoma inamlaza.

Tatizo linazidi pale mtu anapomsimamisha kwa mkono na kuhifadhi. Kila mara unapohifadhi JPEG upya, picha inabanwa tena, na kila kubanwa kunapoteza kidogo. Kwa picha moja hutaona. Kwa picha iliyogeuzwa, ikakatwa, ikapunguzwa na kuhifadhiwa mara tano na vijana watatu tofauti, uso wa mtu unaanza kuwa na vigae.

Lipo jibu, na ndilo ninalolitafuta katika programu yoyote kabla ya kuiita nzuri: kugeuza bila hasara. Kwa sababu JPEG imekatwa vigae, programu inaweza kuvigeuza vigae na kuvipanga upya bila kuvifungua na kuvibana tena. Kwenye picha nyingi za simu vigae hivyo hufungwa katika mafungu ya 16 kwa 16, kwa hiyo upande unaogawanyika kwa 16 unageuka bila doa. Picha ya 4032 kwa 3024 inagawanyika kamili: mafungu 252 kwa 189. Ya 4000 kwa 3000 haigawanyiki. 3000 ina mafungu 187 na pikseli 8 zinabaki ukingoni. Programu makini itakukatia ukanda huo wa pikseli 8. Isiyo makini itauacha ukiwa umekaa mahali pasipo pake, na utauona kama mstari wa ajabu pembeni mwa picha. IrfanView ina kazi hii, ukibonyeza Shift na J pamoja. JPEGView inayo pia.

Iliyotisha

Watu husema programu ya kutazama picha haiwezi kuleta madhara, kwani inatazama tu. Desemba 2005 ilionekana vinginevyo. Katika fomati ya zamani ya Windows iitwayo WMF kulikuwa na mlango ambao picha ingeweza kuupitia ikaiamuru kompyuta kutekeleza maagizo ya mwenye picha. Kufungua tu kulitosha. Ushauri wa Microsoft kwa siku zile ulikuwa kukizima kipande cha Windows kilichokuwa kinaonyesha picha, na mtaalamu mmoja, Ilfak Guilfanov, akatoa kiraka chake binafsi kabla ya kile rasmi kilichotoka Januari 5, 2006.

Septemba 2023 ikawa zamu ya libwebp, maktaba inayofungua picha za WebP ndani ya vivinjari na programu lukuki. Kampuni zilihangaika kusambaza matoleo mapya.

Ndiyo maana nawaonea huruma wanaong'ang'ania ACDSee ya zamani au programu yoyote ambayo mtunzaji wake ameshaondoka. Ni nyepesi, kweli. Mlango usio na bawaba pia ni mwepesi. Kwa usalama kikombe changu kinakwenda kwa Loupe, iliyochukua nafasi ya Eye of GNOME katika dawati la GNOME 45 mwaka 2023. Imeandikwa kwa lugha ya Rust, na kazi ya kufumbua faili inafanyika kwenye chumba cha pembeni kilichofungwa, ili faili baya likilipuka lilipukie humo. Si nyepesi kuliko zote. Kinga ina gharama yake.

Fomati inayosumbua kuliko zote ni HEIC. Simu za iPhone zimekuwa zikihifadhi picha kwa fomati hiyo tangu 2017, na mteja anapoleta flashi iliyojaa HEIC, dukani huwa kimya. Matoleo mapya ya JPEGView yanazifungua. Njia nyingine ni kumwomba mwenye simu aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, achague ile inayooana na vifaa vingi. Kuanzia hapo simu itapiga JPEG.

Na kama kuna kikombe cha iliyoliliwa kuliko zote, ni Picasa. Google iliinunua 2004 na kuifunga 2016. Haikuwa nyepesi, ilikuwa inapekua diski nzima kama askari wa forodha, lakini bado nakutana na watu wanaoihifadhi kwenye flashi.

Sasa leseni

IrfanView ni ya bure kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. XnView vilevile, na FastStone, ambayo sikuitaja kwa kuwa haikushinda kitu ingawa ni nzuri, ni ya bure kwa nyumbani. Stesheneri si nyumbani. Studio ya picha si nyumbani. Nimepita katika maduka mengi, nimeona yule paka mwekundu kwenye skrini nyingi, na sina hakika kama kuna mwenye duka hata mmoja aliyewahi kusoma maneno hayo kabla ya kubonyeza "nakubali". JPEGView, nomacs (ambayo baadhi ya waandishi wake ni watu wa chuo kile kile cha Vienna) na ImageGlass ya Dương Diệu Pháp wa Vietnam ni za chanzo huria. Dukani, ofisini, popote, tumia bila kulipa. ImageGlass ndiyo nzuri zaidi kwa macho kati ya hizo, lakini pia ndiyo nzito zaidi.

Hukumu yangu ni hii. Dukani kwenye kompyuta ya zamani ya Windows: JPEGView. Linux ya zamani: feh kama huogopi kuandika amri, GPicView kama unaogopa. Nyumbani: IrfanView, bila ubishi. Na kama dukani huwezi kuishi bila ile B ya kazi za mafungu, kama mpwa wangu, basi lipia leseni ya IrfanView. Yeye amelipa. Inanunuliwa kwenye tovuti ya mwenye programu mwenyewe, na mwenyewe ni yule yule wa 1996.